Maneno kumi na mawili ya Pingyao

Nikiwa mwaka wa pili wa masomo Taiyuan, mwenzangu wa bwenini alinichukua hadi Pingyao, mji mkongwe wa jimbo la Shanxi, China, tukale Sikukuu ya Taa. Baridi ya kukata masikio. Usiku tulilala juu ya kang, kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini: ubavu mmoja ukaiva, wa pili ukaganda.

Asubuhi tulipanda ukuta wa mwaka 1370, unaouzunguka mji kwa kilomita sita hivi. Wenyeji husema mji wao ni kobe: lango la kusini kichwa, la kaskazini mkia, na manne ya mashariki na magharibi miguu. Kobe mwenyewe sikumwona. Niliona mapaa ya kijivu na taa nyekundu.

Kilichoniteka ni Rishengchang. Ilianza kama duka la rangi za nguo, na kufikia 1823 ikawa nyumba ya hundi. Mfanyabiashara aliweka fedha yake Beijing, akapewa karatasi, akaja kuchukua kiasi kilekile hapa, bila kukodi walinzi wa kusindikiza mikokoteni njia nzima.

Na mtu akighushi karatasi? Mwenzangu alinieleza. Mwezi haukuandikwa kwa jina lake. Karani aliandika neno moja kutoka kwenye fungu la maneno 12, kila neno na mwezi wake. Fungu lenyewe ukilisoma mfululizo linakuonya: jihadhari na hundi bandia, usisahau kukagua maandishi na mhuri. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Onyo ndilo hilohilo kufuli!

Jioni taa zikawashwa, ngoma zikapita barabarani. Nikataka mama asikie. Simu yangu ilikuwa imezimwa na baridi, nikaazima ya mwenzangu. Mama yuko Muheza, na wiki chache nyuma alikuwa amenusurika na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

"Shikamoo mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanao! Niko China, sikia ngoma!"

"Ngoma hata huku zipo. Kama kweli ni mwanangu, babu yako alikuwa akimwitaje yule paka wake?"

Paka huyo alikufa nikiwa darasa la pili. Nikabaki nimesimama katikati ya barabara, mwenzangu akiwaza salio lake, nami nikisaka jina la paka.