Nilivyoigeuza nyumba ya Mjerumani kuwa ofisi, Iringa mjini

Nyumba ni ya mawe, ya enzi za Mjerumani. Mwenye kampuni alitaka ofisi ya kisasa: vioo, dari ya jipsamu, soketi kila meza, intaneti kila chumba. Nilikubali vyote isipokuwa jipsamu, kwa sababu dari ya mbao iliyokuwepo ilikuwa nzima na nzuri kuliko chochote ambacho ningeweza kununua. Nikamwambia pia kwamba ofisi itasimama ndani ya nyumba, haitapigiliwa kwenye kuta zake.

Kazi kubwa ilikuwa unyevu. Miaka ya nyuma kuta zilipigwa lipu ya saruji, zikapakwa rangi ya plastiki. Nyumba kama hizi hazikuwekewa kizuizi cha maji kwenye msingi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani yakitafuta pa kutokea. Lipu ya chokaa huyaachia yakaukie hewani, ya saruji huyafungia. Lipu ilikuwa imevimba toka sakafuni hadi kiunoni. Ukiigonga inalia tupu, na nyuma yake chumvi nyeupe kama sembe.

Fundi wetu, mzee wa Kalenga, aliipapasa akasema, "Mwanangu, tuibandue yote. Ukiacha kipande, maji yatakimbilia hapo hapo."

Tulibandua kwa tindo na nyundo ndogo, maana mashine ya kuchimbia ingetikisa mawe. Chokaa iliyochomwa tuliizima kwenye pipa: unatia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, kwani huchemka na kuruka machoni. Tukaiacha imefunikwa na maji mpaka ikawa laini. Lipu tuliipiga kwa matabaka membamba, kila tabaka likisubiri lenzake likaze, huku tukitundika magunia yaliyolowa lisikauke haraka likapasuka. Bosi alichoka kusubiri. Nikampeleka Boma, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, akatazama mwenyewe jinsi jengo la zamani linavyopendeza likitunzwa. Hakuuliza tena habari za saruji.

Mengine yalikwenda upesi. Nyaya zote zimepita kwenye maboksi ya mbao chini, kando ya ukuta, bila kuchimba mfereji. Kuta nene zinaua mawimbi ya Wi-Fi, basi kila chumba kina kifaa chake, waya ukipitia milangoni. Patisheni ni fremu za paini ya Mufindi na vioo, zinajisimamia zenyewe na hazifiki darini. Ukizihamisha kesho, ukuta hautakuwa na tundu hata moja. Kiyoyozi sikuweka, kwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai, ni pesa ya kutupa.

Wapo walioniuliza kwa nini nahangaikia nyumba ya watu waliompiga vita Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mpaka kifo chake mwaka 1898. Mimi naona waliopasua mawe yale na kuyabeba walikuwa watu wa huku huku, na kazi ya mikono yao inastahili kutunzwa.

Masika yakiisha tunakagua sehemu za chini za kuta na kupaka chokaa palipochakaa. Rangi ya plastiki tumeipiga marufuku, hata kwenye stoo.