Alama ya Tasnifu na Kile Alichojifunza Mwanafunzi

Juma hili nimekuwa nikisoma tasnifu za uzamili zinazosubiri utetezi, yaani mwanafunzi kuitetea kazi yake kwa mdomo mbele ya watahini. Nyingi zimeandikwa vizuri. Kinachonisumbua ni iwapo alama ninayotoa inapima alichojifunza mwanafunzi, au inapima kazi iliyokwisha kupita mikononi mwa msimamizi, mhariri wa lugha na yule kijana anayelipwa kuchakata takwimu.

Kwenye karatasi hatuna upungufu. Mfumo wa sifa za elimu ya juu uliotolewa mwaka 2015 na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake hapa Kampala, unaiweka shahada ya uzamili katika ngazi ya 7 na ya uzamivu katika ngazi ya 8, na unaeleza yanayotarajiwa kwa mhitimu wa kila ngazi. Nasi huandika malengo ya kozi kwa vitenzi vilivyotokana na ngazi za kufikiri za Bloom, mwanasaikolojia wa elimu: kuchambua, kutathmini, kubuni.

Sasa chukua sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, ya tasnifu mojawapo. Walimu walengwa ni 200, sampuli ni 132, na marejeo ni jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linaloonyesha ukubwa wa sampuli kwa kila idadi ya walengwa, ambalo kwa idadi hiyo hutoa 132 kweli. Nilipomwuliza mwanafunzi mwenyewe kwa nini 132, alijibu, "Jedwali ndivyo linavyosema, mwalimu." Jedwali hilo limejengwa juu ya sampuli nasibu, ambapo kila mlengwa ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, ilhali yeye, kwa maelezo yake katika ukurasa unaofuata, aliwachagua kwa makusudi walimu aliowafikia kwa urahisi. Hakuona mgongano wowote. Mwenzake, ambaye sentensi zake zinachosha kusoma, aliliacha jedwali kwa sababu shule zake zilikuwa mbili tu na aliweza kumpa dodoso kila mwalimu, na alieleza uamuzi huo bila kutazama karatasi. Kwa mwongozo wetu wa usahihishaji, wa kwanza anapata alama za juu zaidi.

Dodoso tunazowapa mwishoni mwa kozi hazisaidii sana hapa, maana mwanafunzi akiulizwa amejifunza kiasi gani hujibu zaidi kuhusu alivyoridhika na mhadhiri. (Nami hufurahi nikisifiwa, sikatai.) Tena hatujui alianzia wapi: mkaguzi wa shule mwenye uzoefu wa miaka mingi na kijana aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza hupimwa mwishoni tu, kana kwamba waliingia sawa.

Kwa hiyo nimependekeza idarani kwamba kila mwanafunzi apewe pendekezo la utafiti lenye kasoro katika juma la kwanza na alihakiki kwa maandishi, kisha apewe jingine la uzito uleule kabla ya utetezi, na kwamba utetezi wenyewe uwe na alama zake mbali na za maandishi. Mwenzangu mmoja amepinga, na hoja yake ina uzito: wengi wa wanafunzi wetu ni wafanyakazi wanaokuja Jumamosi na kurudi Masaka au Mbale Jumapili, na wasahihishaji ni wachache. Uhakiki wa mwanzo umekubaliwa kwa majaribio. Alama za utetezi bado tunavutana, hasa kuhusu nani atazitoa iwapo msimamizi naye amekaa mezani.