Mtungi wa Garissa Haukunifaa Mombasa

Nawashukuru wote walioniambia nimerogwa. Na jirani aliyeniletea habasoda, akaapa kwamba sindano za hospitali ndizo zilizonitia ganzi mguuni, naye ahsante. Ganzi ilianza, mama, sindano zikafuata.

Nina MS, yaani multiple sclerosis: kinga ya mwili imeugeukia ubongo na uti wa mgongo. Daktari alinianzishia interferoni beta, sindano tatu kwa wiki, najidunga mwenyewe. Usiku wa sindano nilitetemeka kama mwenye malaria, mpaka nilipojua kumeza panadoli kwanza, nijidunge, nilale.

Kasheshe ilikuwa friji. Dawa ile yataka nyuzi 2 hadi 8, na ikitoka nje isizidi 25. Mombasa, Machi, umeme ukakatika siku mbili. Shemeji yangu wa Garissa akapiga simu: weka mtungi juu ya mchanga mbichi, ufunike gunia lililoloa, kwao wenye kisukari huhifadhi insulini hivyo. Nikaenda Kongowea, nikanunua mtungi, nikauweka penye upepo, nikautunza kuliko mtoto mchanga. Nikatumbukiza kipimajoto. Asubuhi, 27. Nikamwagia maji zaidi. 27. Shemeji akasema simwagii vizuri! Fundi wa friji ndiye aliyenicheka: mtungi hupoa maji yanapokauka, na hewa ya Mombasa imeshalowa, maji yaende wapi? Sasa nanywea maji, matamu kweli.

Nikahamia chupa ya chai na barafu. Sindano mbili zikaganda, na iliyoganda ni ya kutupa. Karo ya muhula hiyo, au karibu. Kumbe unaifunga kwa leso mara tatu, isiguse barafu. Hapo nikajiona injinia.

Uinjinia wangu haukulinda jicho. Mwaka wa pili la kushoto likaingia ukungu, shambulio jipya, daktari akanihamishia rituksimabu: dripu kila miezi sita, na friji ni ya hospitali! Niliposoma karatasi yake nikakuta saratani na baridi yabisi, MS haimo. Nikamrudia nimekunja uso. Akanieleza kwamba Waswidi wameitumia kwa MS miaka mingi; kwenye utafiti wao uliochapishwa 2022, waliopata shambulio ndani ya miaka miwili walikuwa 3 kwa 100, na kwa waliomeza dimethili fumarati, dawa nyingine ya MS, walikuwa 16. Shirika la Afya Duniani nalo likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS mwaka 2023. Tena nilipopiga hesabu, dripu za mwaka mzima zilikuwa nafuu kuliko sindano za miezi michache.

Usikubali dripu hiyo kabla ya kupimwa homa ya ini B. Ikiwa imelala mwilini, dawa yaweza kuiamsha. Mimi siku ya kwanza koo liliniwasha, nesi akaifunga, akangoja, akairudisha tone kwa tone. Nilitoka magharibi.

Mwaka wa tatu huu sijapata shambulio. Ila dawa hii hupunguza kinga: mafua ya siku tatu kwangu ni wiki tatu. Mguu haujarudi, wala sikuahidiwa. Joto likizidi jicho hufifia, nikioga maji baridi larudi. Mara ya kwanza nilikimbilia hospitali usiku, nikalia bure.

Juzi jirani kaniuliza kama habasoda ilinifaa. Nimemwambia alete nyingine, naipenda juu ya mkate.