Mshale wa kemia ukigeuka "à"

Kila mitihani ya muhula ikikaribia naletewa mafaili ya walimu hapa steshenari niyapange niprinti, na kwenye ya kemia nakuta sana kitu kama hiki: 2H2 + O2 à 2H2O. Hiyo à mwalimu hajaiandika jamani. Yeye alichapa --> na Word ikamgeuzia ikawa mshale mzuri kabisa, shida ule mshale unatoka kwenye fonti ya Wingdings, yani kiundani ni herufi namba 224 ambayo Wingdings inaichora mshale ila fonti za kawaida zinaisoma à, kwahiyo ukiukopi ukaupesti kwenye imeili au kwenye simu isiyo na hiyo fonti mshale unapotea. Mwanafunzi anakaa kwenye chumba cha mtihani anashangaa à ni elementi gani, inaniuma kweli.

Dawa ni kuweka mshale wenyewe wa Yunikodi, yani ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake. Kwenye Word andika 2192 halafu bonyeza Alt na X kwa pamoja, inakuwa → hapohapo, na huu unasafiri popote. Acha nafasi kabla ya hiyo namba, maana ukiibandika kwenye O2 Word itasoma 22192 na itachanganya ile 2 ya oksijeni na kodi yako, yani namba ya alama unayoitaka.

Sasa kuna ⇌ ambayo naona wengi wanaiacha wanaweka → tu, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Utengenezaji wa amonia kwa njia ya Haber, N2 + 3H2 ⇌ 2NH3, unaenda na kurudi, na swali lote la ukipandisha joto au presha itakuwaje linategemea huo mshale wa pande mbili. Ukiweka wa upande mmoja umeshabadilisha swali. Kodi yake ni 21CC, Alt+X vilevile. Zile namba ndogo za chini unashika Ctrl na alama ya =, na nyuzi joto ni 00B0, Alt+X, unapata ° badala ya kuchukua o na kuipandisha juu, maana hiyo ikikopiwa inarudi kuwa 25oC.

Nje ya Word, kwenye Windows yenyewe, ukishikilia Alt ukaandika 26 unapata →, 27 ni ←, 24 juu na 25 chini, hizo zimetoka kwenye seti ya herufi za IBM PC ya 1981 na bado zinafanya kazi. Ila lazima utumie zile namba za upande wa kulia wa kibodi na Num Lock iwe imewaka, za juu ya herufi hazikubali, ndio maana laptopu ndogo nyingi zinawashinda watu. Kwa hizo bonyeza kitufe cha Windows na nukta, kwenye Windows 10 mpya au 11 kinafunguka kiboksi cha emoji, ingia upande wa alama, mishale iko humo. Linux, kwenye programu nyingi, ni Ctrl+Shift+U, 2192, Enter.

Na ukiletewa faili lina alama usiyoijua, weka kesa (kile kimstari kinachopepesa) upande wake wa kulia tu ubonyeze Alt+X, Word inakuonyesha namba yake, ukibonyeza tena alama inarudi. Mimi kabla sijaprinti napitia hivyo kila mshale kwenye karatasi ya kemia.