Kompyuta ya sebuleni: tuhame Windows au tubaki

Jmosi 4/10/2025
Naandika humu maana nikiacha kichwani nitasahau, kama nilivyoisahau ile ampulifaya iko uvunguni mpaka leo. Mashine ni HP EliteDesk 800 G1, prosesa ya Intel i5 kizazi cha 4, ramu 4GB, mtumba wa Kariakoo, ilikuja na Windows 10 aliyopiga fundi na yale maandishi ya kudai leseni kule chini kulia hayajawahi kutoka. Watumiaji wanne: mimi, mama Nasra, kijana wa kidato cha pili na Nasra wa darasa la nne.

Sasa tarehe 14 mwezi huu Microsoft wanaacha kuitolea Windows 10 apdeti. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, hapa kwetu TPM ni 1.2, kwahiyo hatuna chetu. Njia ya panya ipo, unaandaa flashi kwa programu ya Rufus inaruka hayo masharti, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo haina uhakika wa kupata apdeti, si ndio nitakuwa nimezunguka nikarudi palepale. Kuna ule mwaka wa nyongeza wa apdeti hadi Oktoba 2026, lakini na Windows ya fundi sina uso wa kwenda kuomba.

Jpili 5/10
Nimedanlodi Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile yenye mwonekano wa Xfce, usiku kwa bando la usiku, ni karibu 3GB. Nimechagua Xfce sababu ni nyepesi, ramu 4GB sio ya kujidai nayo. Nikaiweka kwenye flashi, F9 wakati wa kuwasha, ikawaka bila kugusa diski kabisa.

Kitu cha kwanza nilichojaribu ni flashi ya kijana. Kila akitoka kuprinti steshenari inarudi na kirusi, mafolda yote yamegeuka shotikati, tunaanza kulia. Kwenye Mint mafolda halisi yakaonekana yote yametulia, na zile shotikati zimekaa pembeni kama mabubu, nikazifuta. Hapo moyoni nilishahama, sema nyumba sio yangu peke yangu.

Jmosi 11/10
Siku ya majaribio, kila mtu na zamu yake. Nasra dakika mbili kapata programu ya kuchora, hakuuliza ni Windows au nini. Kijana past pepa zake za PDF zimefunguka, YouTube poa, ila gemu lake la mpira hakuna, akanuna. Nikamwambia mtihani ni mwezi ujao, hilo kwangu ni faida (mama yake alicheka, yeye hakucheka).

Kasheshe ni mama Nasra. Yeye ni mhazini wa kikoba, wanachama 22, na hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, vyote viko kwenye faili moja la Excel alilotengenezewa na mwenzake wa kazini. Nikalifungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi iliyomo kwenye Mint, namba zote zipo, nikajisifu. Akaingiza hisa za mtu mmoja, safu nzima ikageuka #NAME? (yaani programu haijaitambua fomula). Akaniangalia. "Baba Nasra, hizi ni hela za watu."

Usiku nimechimba. Yule jamaa aliyelitengeneza faili katumia XLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye jedwali, na LibreOffice inayokuja na Mint 22 ni toleo la 24.2, wakati XLOOKUP imeingia kuanzia 24.8. Ndio maana lilifunguka vizuri, lilikuwa linaonyesha majibu ya zamani tu, ukiligusa likokotoe upya ndio linaumbuka. Dawa ziko mbili, kuweka LibreOffice mpya kwa Flatpak (njia ya kuweka programu kwenye Linux) au kubadilisha fomula ziwe VLOOKUP, ile ya zamani ambayo inakubali kote. Nimebadilisha kwenye kopi, nikalinganisha jumla na ile orijino, zimelingana mpaka senti.

Jumatatu 13/10
Nimemuonyesha kopi. Kakubali hesabu ila faili kakataa, eti katikati ya mzunguko habadilishi daftari, mtu akija kudai salio lake haliko sawa ataanza kuelezea Linux kwenye kikao? Sina jibu la hapo.

Jmosi 18/10
Nimenunua SSD, diski ya kasi, ya 240GB, 65,000. Mint imekaa humo, Windows imebaki kwenye diski ya zamani, unachagua wakati wa kuwasha. Mtego ulionipotezea saa nzima: Mint ilikuwa inaona mafaili ya Windows lakini haikubali kuseviwa kitu. Kumbe Windows ukiizima haizimiki kabisa, ile ya kuwaka haraka inaifanya ilale tu na diski inabaki imefungwa. Hiyo ya kuwaka haraka nimeizima kule Windows kwa amri ya powercfg /h off, imekwisha.

Kuwaka sasa ni kama sekunde 20, zamani unawasha unaenda kubandika chai.

Jpili 26/10
Windows nimeichomolea intaneti, ni ya kikoba peke yake. Kila Jumapili jioni mama Nasra anaingiza hisa kule, halafu mimi naingiza zilezile kwenye kopi ya Mint tunalinganisha. Leo ni wiki ya pili zinalingana, isipokuwa sehemu moja tumepishana 5,000, na aliyekosea kuandika nilikuwa mimi. Wanagawana Desemba. Mzunguko mpya wa Januari kasema atauanzia Mint, "kama wewe hutaingiza namba".