Siku yangu moja nyuma ya kaunta ya dawa

Saa 1:30 asubuhi. Mzigo umeingia. Hakuna kinachopangwa kwenye rafu kabla sijalinganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na ile iliyogongwa kwenye stripu ndani. Zikipishana, dawa haiuzwi. Natazama pia lakiri, tahajia ya lebo, na ankara: dawa imetoka kwa nani? Macho yana mpaka wake, maana dawa bandia nyingine zimefungwa vizuri sana na ni maabara tu inayozibaini.

Saa 3:00. Foleni ya wenye dawa za kila mwezi. Inakwenda haraka.

Saa 4:15. Mzee anataka dawa ya kikohozi kikavu, chupa ya pili sasa.
"Shikamoo baba. Kuna dawa mpya uliyoanzishwa karibuni?"
"Marahaba. Ya presha tu, lakini hiyo na kikohozi wapi na wapi?"
Ni enalapril, na kikohozi cha namna hiyo ni madhara yake yanayojulikana. Namwomba asiiache kwa uamuzi wake, nampigia daktari wake ili ambadilishie. Ningemuuzia ile chupa, angerudi kuchukua ya tatu.

Saa 6:40 mchana. Dada anaomba krimu ya vipele. Namwomba avue miwani: macho mekundu. Anafungua mdomo: vidonda. Alianza kumeza cotrimoxazole, dawa ya bakteria yenye sulfa, wiki iliyopita. Hapa simuuzii krimu. Dalili hizi zikija pamoja huenda ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao huibambua ngozi na unaweza kuua. Namwambia asimeze kidonge kingine, aende hospitali sasa hivi, na pakiti aibebe. Dada yake anampeleka.

Wakishaondoka najaza fomu ya taarifa ya madhara ya dawa kwa mamlaka ya dawa. Mambo ya lazima ni manne: mgonjwa anayetambulika (herufi za jina, umri au jinsia vinatosha), dawa inayoshukiwa, kilichotokea, na mimi ninayeripoti. Uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo hautakiwi. Nasisitiza hili kwa sababu wenzangu wengi huacha kuandika wakisema "sina hakika". Hakika si kazi ya kaunta! Thalidomide, dawa ambayo wajawazito waliimeza kutuliza kichefuchefu, ilipoondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, watoto maelfu walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu. Waliopiga kengele walikuwa madaktari walioona visa vichache vinavyofanana, wakaandika. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa nchi kukusanya taarifa hizi pamoja, na leo hifadhidata yake inatunzwa Uppsala, Uswidi. Kisa kimoja hakisemi mengi, ila kikikutana na vingine vya mbali, mfanano unaonekana.

Saa 9:00 alasiri. Mteja analeta vidonge alivyonunua kwingine: vinasagika mkononi, na jina la kiambato limekosewa herufi. Anataka kuvitupa. Namsihi asivitupe, maana bila pakiti hakuna cha kufuatilia. Naviweka kwenye bahasha, naandika USITUMIE, navifungia kando, napiga picha namba ya toleo, naripoti. Anauliza kama ni bandia. Namjibu kwamba huenda ni bandia, huenda ni halali iliyoharibiwa na joto au iliyotengenezwa vibaya. Kwa mgonjwa hatari ni ileile. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Na mwaka 2022 likatoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na diethylene glycol, sumu inayoua figo. Chupa zake hazikuwa na alama yoyote ya kumshtua mzazi.

Saa 11:30 jioni. Simu ya yule dada aliyempeleka mwenzake: amelazwa, dawa imesitishwa, daktari ameitunza pakiti. Nafungua taarifa ileile, naongeza: amelazwa. Kwenye kadi yake ya dawa naandika kwa wino mwekundu: asipewe tena dawa za sulfa.