Sikilidi wadogo kwenye tangi la mimea: maji ya mvua na vifuu viwili

Jana usiku nilimulika tochi pembeni mwa gogo nikahesabu vitoto 31 vya samaki wangu, sikilidi aina ya Apistogramma. Wametulia juu ya mchanga kama punje za ufuta, na mama yao kageuka njano kama pilipili mbuzi iliyoiva. Samaki yeyote anayeshuka chini anakimbizwa mpaka juu. Nimeisubiri siku hii zaidi ya mwaka mmoja, na njiani nimepewa ushauri mbovu ambao sitaki mwingine aufuate.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, linaingia lita kama 120, lipo sebuleni kwangu Tabata. Nilipanda mimea kwanza, nikaiacha ishike mizizi, ndipo nikaenda kutafuta sikilidi. Ni ukoo mmoja na sato na perege, ila mimi nilitaka wale wadogo wa urefu wa kidole.

Dukani nikaambiwa: "Kaka, chukua hawa wa Ziwa Tanganyika. Wadogo, halafu wa kwetu." Kwa udogo alisema kweli. Neolamprologus multifasciatus ni miongoni mwa sikilidi wadogo kabisa duniani, hata dume ni wa sentimita nne au tano tu, na makazi yao ni maganda matupu ya konokono chini ya ziwa. Nilichukua sita pamoja na maganda kumi, jumla haikufika laki moja.

Asubuhi ya tatu nikakuta nusu ya bustani inaelea. Nikavuta kiti nikakaa kuwaangalia. Samaki mdogo kuliko kidole changu anachota mchanga kwa mdomo, anaogelea pembeni, anatema, anarudi kuchota tena. Hapumziki. Nikapanda upya na kukandamiza mizizi kwa vijiwe, wakachimba chini ya vijiwe. Nikapanda mara ya tatu, nikasogeza maganda yao kona ya mbali, wakachimba kutoka kona ile mpaka kwenye mimea. Mara ya nne wakaufikia udongo wa rutuba niliouficha chini ya mchanga, tangi zima likageuka rangi ya chai ya maziwa na nilishinda Jumapili nzima nikibadilisha maji.

Samaki wale hawana kosa. Ndivyo wanavyoishi kwao: wanachimba mpaka ganda lizame mchangani, libaki mdomo tu. Na maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaribia 9. Maji yangu ya kisima yana chumvichumvi, kwa hiyo wao walinawiri huku Echinodorus zangu, ambazo ni mimea ya Amerika Kusini, zikipauka. Niliwapa tangi lao, mchanga na maganda matupu, na wamezaliana vizuri mno. Ninachomlaumu muuzaji ni kwamba nilimwonyesha picha ya mimea kabla hajanifungia samaki kwenye mfuko.

Shemeji yangu naye aliuziwa kribensis, sikilidi wa Nigeria na Kameruni, kwa maelezo kwamba ni wapole. Ni wapole kweli, mpaka wapate watoto. Wakiwa na watoto, nusu ya tangi inakuwa yao, na samaki wengine wote walijibana kona moja.

Nilipoanza upya nilianzia kwenye maji. Masika nilitega mapipa mawili chini ya paa, nipate maji yasiyo na chumvichumvi ya kisima. Mvua ya mwanzo niliiacha ioshe mabati, iliyofuata ndiyo nikakinga. Nachanganya ndoo mbili za mvua kwa moja ya kisima. Kisha naokota majani makavu ya mkungu, yale mekundu-kahawia yanayofagiwa kila siku na kuchomwa moto. Ulaya wafugaji wa samaki wanayanunua kwa pakiti! Nayasuuza, nadondosha matatu, na baada ya siku chache maji yanakuwa kama chai ya rangi iliyopoa, rangi ambayo samaki wa mito ya Amazoni wanaifahamu. Hita sijanunua, joto la Dar linatosha, maji yangu yako nyuzi 27 hadi 29.

Kwa joto hilo hata Mikrogeophagus ramirezi, sikilidi wadogo wa mto Orinoko, wangefaa, na niliwatamani sana kwa rangi zao. Lakini wao na Apistogramma cacatuoides wote wanagombea sakafu, na sentimita 90 ni ndogo kwa ugomvi huo. Nikachagua Apistogramma: dume mmoja, majike wawili. Juu nikaweka visamaki kumi na wawili aina ya kadinali, ambao wanastahimili joto kuliko wenzao neoni. Corydoras, kambare wadogo, niliwatoa baada ya mmoja kung'atwa mkia. Ni samaki wa chini, usiku hula mayai, na akifukuzwa haelewi kwamba anatakiwa kuondoka.

Sasa vifuu. Apistogramma hutaga kwenye dari ya pango, na pango niliuziwa kwa bei ya samaki wawili. Nikarudi jikoni, nikachukua kifuu cha nazi, nikakikwangua nyuzi na kukichemsha mara nne mpaka maji yakatoka meupe. Tundu la kwanza nililikata kubwa. Dume akaingia, kesho yake mayai hayapo. Kifuu cha pili nilikikata tundu la upana wa kidole gumba tu. Jike ana sentimita tano, anapita akijipinda kidogo. Dume wa sentimita nane anaishia mlangoni, na jike akiwa ndani, kichwa chake kinaziba tundu lote.

Nikatengeneza kingine kama hicho kwa jike wa pili, kila kifuu mwisho wake wa tangi. Katikati nimelaza gogo lililofungwa mmea wa anubiasi, refu kiasi kwamba jike mmoja akiwa mlangoni hamwoni mwenzake. Siku nilipolitoa gogo kulisugua walipigana ndani ya dakika kumi. Nililirudisha likiwa bado na mwani, na sijaligusa tena.

Jike wa pili naye tangu juzi hatoki kwenye kifuu chake, na mapezi yake yameanza kuwa njano.